Gitaa la Kusafiri: Tuangalie Kabla ya Kutoa Pesa ya Kikundi



Kwa kikundi cha muziki, gitaa ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Linaitwa kwenye harusi, kwenye harambee, hata kwenye mikutano ya kuelimisha watu. Na kazi hiyo ni ya safari: leo Naro Moru, kesho Karatina, mwezi ujao pengine Mombasa. Siku hizi vijana wanaona kwenye simu magitaa madogo meusi ya kaboni, yanayosifiwa kwamba hayaogopi mvua wala jua. Wanauliza: tununue hilo? Swali ni zuri. Lakini pesa ni ya wanachama wote, kwa hivyo tulijibu hatua kwa hatua.

Kwa nini gitaa la mbao husumbua?

Mbao, hata ikiwa imekauka, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa tena. Hewa ikiwa na unyevu mbao hufura, ikikauka hunywea. Sisi hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Mchana jua ni kali, usiku baridi inauma. Januari na Februari hewa ni kavu, halafu mvua ndefu zinaingia. Gitaa hilo hilo likishuka Mombasa linakuta hewa nzito ya bahari. Basi sanduku hupasuka au huinuka, shingo hupinda, na nyuzi zinakaa juu mno hadi vidole vinauma.

Kaboni ni nini?

Ni nyuzinyuzi nyembamba sana, nyeusi, zinazolazwa pamoja na kushikanishwa kwa gundi maalum mpaka ziwe kitu kigumu na chepesi. Baiskeli za mashindano na sehemu za ndege hutengenezwa hivyo. Kaboni hainywi unyevu kama mbao, kwa hivyo sanduku halifuri wala halipasuki kwa sababu ya hewa. Hiyo sifa ni ya kweli.

Lakini tusidanganyike. Nyuzi za chuma bado zinashika kutu, na bado zinalegea au kukaza joto likibadilika. Gitaa la kaboni likiachwa ndani ya gari lililofungwa juani, gundi inaweza kudhurika. Likivunjika, fundi seremala wa mjini hawezi kuliunganisha kama mbao. Tena baadhi hayana chuma cha kurekebisha shingo, yaani likija limepinda, limepinda.

Je, linafaa kwa vidole?

Hapa ndipo wengi wanasahau kuuliza. Kupiga kwa vidole ni urithi wetu. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na George Mukabi wa Magharibi ya Kenya, aliyefariki mwaka 1963, walipiga hivyo: kidole gumba kinashika sauti nzito, cha shahada kinaimba juu yake. Mtu mmoja anasikika kama wawili. Kwa mtindo huo gitaa linahitaji mambo haya:

1. Nafasi kati ya nyuzi. Pima upana wa shingo pale juu, nyuzi zinapoanzia. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana milimita 43 hivi. Kwa vidole, 44 au 45 ni afadhali. Milimita moja si kitu kwa macho, lakini vidole vinaijua.

2. Sauti nzito. Gitaa la kusafiri lina sanduku dogo, kwa hivyo sauti ya kidole gumba huwa nyembamba. Msikilize mwenzako akipiga, wewe ukiwa hatua kumi mbali naye.

3. Nyuzi zisilegee. Shingo fupi hufanya nyuzi ziwe laini. Ni rahisi kwa anayejifunza, ila ukidonoa kwa nguvu zinalia vibaya.

4. Aina ya nyuzi. Magitaa mengi ya kaboni hutumia za chuma. Na gitaa lililotengenezewa nyuzi za nailoni usilifunge za chuma kamwe! Zitang'oa daraja.

Tupige hesabu

Mengi ya magitaa yaliyo kaboni tupu, ya makampuni kama RainSong ya Marekani na Emerald ya Ayalandi, hupita dola 1,000. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 130, hiyo ni shilingi 130,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 100 kwa wiki, kitachanga wiki 65. Tuchukue mfano wa gitaa la mbao za plaiwudi la shilingi 12,000: ni wiki sita tu. Kati yake kuna magitaa ya plastiki ngumu iliyochanganywa na kaboni, kama Nova Go ya Enya. Ni nafuu zaidi, lakini lazima vidole vilijaribu kwanza.

Ushauri wetu

Kama gitaa linasafiri kila wiki na linaleta pesa, kaboni inaweza kujilipa. Kama linatoka mara moja moja, nunueni la plaiwudi, ambalo halipasuki upesi kama la mbao nzima, na pesa kidogo iliyobaki mnunue sanduku gumu la kulibebea. Msiliweke karibu na jiko wala juu ya matatu. Wakati wa kiangazi, chukueni kisanduku cha sabuni chenye matundu, mtie sponji yenye unyevu isiyodondosha maji, mkiweke ndani ya sanduku la gitaa. Ni dawa ya bei ya chini kabisa.

Maswali ya kujadili kikundini

- Gitaa letu litatoka mara ngapi kwa mwezi, na litaleta shilingi ngapi?
- Nani atalitunza, na likiharibika nani atalipa?
- Nani kati yetu anajua kupiga kwa vidole, aende kulijaribu kabla hatujalipa?

Mkikubaliana, andikeni kwenye kitabu cha mikutano, wote watie sahihi. Gitaa la kikundi lisije likawa gitaa la mwenyekiti.