Gundi badala ya kuchomelea: Gereji yabebeshwa Dola milioni 31.5

GARI likirudi kutoka gereji bodi imenyooka na rangi inang'aa, wengi huhesabu kuwa kazi imekwisha. Kilicho chini ya rangi hawakioni.

Mwaka 2012 huko Texas, Marekani, Honda Fit moja ya mwaka 2010 iliharibika paa kwa mvua ya mawe. Gereji ikabandika paa jipya kwa gundi, wakati mwongozo wa Honda ulitaka lichomelewe kwa nukta zaidi ya 100. Mwaka 2013 gari hilo lilinunuliwa na mke na mume, likiwa mtumba, bila wao kujua lolote.

Desemba mwaka huo pikapu iliteleza kwenye barabara yenye maji ikawagonga. Paa likabanduka, bodi ikakunjika, tangi la mafuta likapasuka na moto ukawaka. Wote waliumia vibaya. Mume alinasa ndani akaungua. Oktoba 2017 jopo la mahakama mjini Dallas liliamua walipwe Dola milioni 42, na katika hizo gereji ikabebeshwa milioni 31.5.

Hesabu ya gundi si ngumu kuielewa. Kuchomelea kunakula muda wa fundi, na mara nyingi anayelipa ni kampuni ya bima, wala si yule atakayepanda gari.

Mkulima wa Afrika Mashariki anayeagiza pikapu ya mtumba kutoka Japani yuko palepale walipokuwa wanunuzi wale. Lakini anaweza kuomba karatasi ya mnada: alama R au RA huonyesha gari liliwahi kutengenezwa baada ya kuharibika. Likifika, avute mpira wa mlango alinganishe nukta za kuchomelea kulia na kushoto. Akiwasha swichi, taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imechomolewa kuficha kwamba mifuko ilishafumuka.

Ajali ikitokea huku nyumbani, tatizo huwa moto wa gesi. Chuma kigumu cha magari ya kisasa hupoteza nguvu kikipashwa sana ili kinyooke, na puti hufunika yote. Mwenye gari aende gereji kabla rangi haijapigwa, aone palipokatwa na kuungwa, apige picha. Picha hizo zitamfaa hata siku ya kuliuza.