Karanga za Bariadi: Tia mkono ndani ya gunia kabla hujanunua

Wiki hii tunakutembeza mashambani mkoani Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na ambao wengi wetu tunaujua kwa pamba tu. Kumbe chakula nacho kinatoka huko kwa wingi, na safari ya chakula hicho hadi kwenye sufuria yako inahusu afya yako moja kwa moja.

Ukitoka Mwanza kwa barabara ya Musoma, ukifika Lamadi unakunja kulia kuelekea Bariadi. Nenda wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Utaona mahindi, mtama, dengu na choroko vimeanikwa nje ya nyumba. Juu ya mawe na vichanja akina mama wameanika viazi vitamu: vilivyokatwa vikiwa vibichi ndio michembe, vilivyochemshwa kwanza ndio matobolwa. Ukikaribishwa matobolwa kwa chai usikatae! Ila angalia vilipoanikwa. Vya kwenye kichanja vinapigwa na jua juu na upepo chini, vinakauka upesi. Vya chini vinakanyagwa na kuku na mbuzi, na usiku vinavuta unyevu wa ardhi.

Unyevu huo ndio adui mkubwa, na kwenye karanga ndipo unapofanya kazi yake kwa siri. Kubangua karanga kwa mkono ni kazi ya kuumiza vidole, kwa hiyo baadhi ya watu huzinyunyizia maji ili maganda yalainike. Kazi inakwenda haraka, na uzito kwenye mizani unaongezeka. Kisha karanga hizo mbichi zinafungwa kwenye gunia, ndani kuna joto, na kuvu inaota. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na kupika au kukaanga hakuiondoi. Ikiingia kwa wingi inaharibu ini na kuua kwa muda mfupi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Usidhani ni hadithi za wataalamu. Mwaka 2004 Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ikatufika sisi, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68 na vifo 20.

Sasa kumbuka kisa kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, akamkemea kwa udanganyifu. Sisi tunakihubiri kisa hiki kama somo la biashara, na ni kweli. Lakini ni somo la afya pia.

Kwa hiyo ukifika gulioni Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, usiridhike na karanga za juu. Tia mkono hadi katikati ya gunia. Ukihisi ubaridi, au joto la kuvunda, acha. Nunua zenye maganda ukiweza, ubangue mwenyewe zikiwa kavu. Kisha chambua: zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi au kuota ukungu, zote toa. Kuchambua kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Unga wa karanga uliokwishasagwa ni wa kuogopa zaidi, maana hujui kilichosagwa, na huo ndio tunaoutia kwenye uji wa watoto na kwenye nsansa.

Uliza pia gunia lilibeba nini kabla. Hii ni nchi ya pamba, na gunia la mbegu zilizotiwa dawa halifai kuwekewa chakula, wala dumu la dawa ya wadudu halifai kwa maziwa hata ukilisugua kwa mchanga na majivu.

Na zile mbovu ulizozitoa? Usiwape kuku, wala pumba zenye ukungu usimpe ng'ombe wa maziwa, kwani sehemu ya sumu hurudi kwako ndani ya maziwa. Zifukie mbali na kisima. Wapo wanaoweka kando mahindi yaliyoharibika wakisubiri Idi, wayatoe Zakatul-Fitri. Pishi ya maskini inatoka kwenye gunia lile lile unalokula wewe na wanao.