JICHO SI MIZANI

Ndugu mkulima, ukimpeleka ng'ombe wako mnadani, ujue ya kuwa mnunuzi hamtazami yeye peke yake. Humtazama pamoja na wale waliosimama kando yake. Dume wa wastani akifungwa kati ya madume mawili yaliyokonda, huonekana amenona. Akifungwa kati ya mawili yaliyonona, yeye yule huonekana amekonda. Uzito wake haukubadilika hata kilo moja. Waliobadilika ni majirani zake. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema kwamba katika nchi ya vipofu, mwenye chongo ni mfalme.

Wewe nawe hupatikana vivyo hivyo ukienda kununua mtamba. Dalali mjanja hukuonyesha kwanza wanyama wawili dhaifu, kisha humtoa wa tatu. Huyo wa tatu utamwona mzuri mno, nawe utafungua mfuko upesi.

Jaribu jambo hili nyumbani. Weka mabeseni matatu: moja la maji ya baridi, la pili la maji ya moto yasiyounguza, na la katikati la maji ya vuguvugu. Tia mkono mmoja katika baridi na wa pili katika moto, ungoje kidogo. Kisha tia mikono yote miwili katika beseni la katikati. Mkono mmoja utakuambia maji ni ya moto, na wa pili utasema ni ya baridi, ingawa maji ni yale yale! Mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, aliyaeleza haya katika kitabu chake cha mwaka 1690.

Hata hesabu za kichwani huvutwa na kilichotangulia. Mwaka 1974 wataalamu wawili, Amos Tversky na Daniel Kahneman, walieleza jaribio lao. Walizungusha gurudumu lenye namba mbele ya watu, kisha wakawauliza nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Gurudumu liliposimama kwenye 10, jibu la katikati lilikuwa 25. Liliposimama kwenye 65, jibu lilikuwa 45. Gurudumu halijui lolote juu ya Afrika, lakini liliwavuta watu. Basi bei ya kwanza anayoitaja mchuuzi hukuvuta namna hiyo hiyo, hata kama aliitoa hewani.

Hapa kwetu Isebania hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa tu mpakani. Upande huu bei ya gunia la mahindi huhesabiwa kwa kilo 90. Kule Tanzania gunia huhesabiwa kuwa kilo 100. Tuseme mnunuzi mmoja anatoa shilingi 3,600 za Kenya kwa gunia la kilo 90, na mwingine shilingi 3,800 kwa gunia la kilo 100. Wengi watakimbilia 3,800. Lakini gawanya: wa kwanza analipa shilingi 40 kwa kilo, wa pili shilingi 38. Bei iliyoonekana kubwa ndiyo ndogo. Tena, shilingi ya Kenya hubadilishwa kwa shilingi nyingi za Tanzania, kwa hiyo bei ya Sirari husikika kubwa masikioni. Usifurahie wingi wa noti kabla ya kuuliza kiwango cha siku hiyo.

Je, jicho la mkulima halifai kitu? La, lafaa sana likiachwa lifanye kazi yake peke yake. Katika maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walikisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja baada ya kuchinjwa. Francis Galton alizikagua kadi 787 na kuandika habari zake mwaka 1907. Kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207; uzito wa kweli ulikuwa ratili 1,198. Kosa halikufika asilimia 1. Kila mtu alikuwa ameandika kadirio lake kwenye kadi yake mwenyewe, wala hakupaza sauti ili wengine wamfuate.

Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Kadiria thamani ya mnyama ukiwa nyumbani, uiandike kabla hujasikia bei ya mtu yeyote.

2. Mpime kwa utepe. Pima mzingo wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Mzingo wa 150 na urefu wa 125 ni karibu kilo 259. Haya ni makadirio, lakini hayategemei jirani wa ng'ombe wako.

3. Geuza kila bei ya mahindi iwe bei ya kilo moja, kwa fedha ya aina moja.

4. Mkikagua mifugo mkiwa wengi, kila mmoja aandike maoni yake kwanza, ndipo mzungumze.

Ndugu mkulima, umemlisha mnyama huyo miaka mingi. Usikubali athaminiwe kwa sababu ya aliyesimama kando yake. Nunua utepe na daftari, kwani mali bila daftari huisha bila habari.