Baiskeli Ndefu Kuliko Miguu Yangu

Baiskeli ya mtumba niliyoinunua Morogoro ilinivutia kwa rangi yake ya kijani, nikasahau kwamba mimi ni mfupi. Siku ya kwanza mbuzi alikatiza barabara, nikashuka ghafla, na bomba la juu la fremu likanigonga mahali nisipopataja. Nilichechemea siku mbili.

Fundi wangu wa chini ya mwembe hakucheka. Alinisimamisha juu ya baiskeli, akitaka nyayo zote ziguse ardhi. "Dada, kati yako na bomba la juu lazima ibaki nafasi ya vidole viwili, vitatu." Hata karatasi isingepita. Kisha akapima kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedali hadi mwisho wa bomba la kiti: sentimita 58. Kwa mtu wa sentimita 160 kama mimi, 48 hivi zingetosha.

Tulijaribu. Kiti kilishushwa mpaka kikagota. Tukafunga shingo fupi ya usukani, mgongo ukapumua. Lakini bomba la juu limechomelewa, halishuki kwa spana. Afadhali fremu ikiwa ndogo: unainua kiti, mradi usivuke alama iliyochorwa kwenye nguzo yake. Ukivuka, nguzo inaweza kukatika, au fremu ikapasuka.

Mwishowe tulibadilishana. Nilichukua ya kwake, fremu ya kike yenye bomba lililoinama, rangi ya tope, nikaongeza shilingi 30,000. Ile ya kijani anaiendesha mwanawe, mrefu kama mlingoti, na kila akipita ananipigia kengele.