Taa Niliyoiweka Nje

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kempu ya mahema, jirani na kijiji chetu cha Robanda, mama mmoja mgeni alinionyesha chemli iliyokuwa mezani akasema, "Please put it out." "Put" nilijua ni weka, "out" ni nje. Nikaibeba inawaka, nikaiweka nje ya hema, chini ya mgunga. Mpishi wetu akanifuata: "Mdogo wangu, amekwambia uizime."

Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Daftari langu la sekondari lilikuwa na ukurasa mzima wa vitenzi, "put off, put on, put out, put up", kila kimoja na maana yake pembeni, na nilipovihitaji sikukumbuka hata kimoja. Aliyenifundisha ni chemli ile, na mama yule aliyetaka kulala.

Kwetu Waikoma Kiingereza ni lugha ya tatu: nyumbani Kiikoma, shule ya msingi Kiswahili, kisha sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Lakini hatuendi mikono mitupu. Tumezoea kitenzi kinachobadilika mkiani: shika, shikia, shikilia, shikamana. Mwingereza mkia huo anauandika mbali kidogo na kitenzi. Hata ile "it" ya "put it out" imekaa katikati kama "i" ya "uizime".

Asubuhi huku ni baridi, wageni wanapita lango la Ikoma kuingia hifadhini wamejifunika mashuka. Saa nne, nikiwaandalia kifungua kinywa porini, naanza kusikia "take off your jacket". Nikisindikiza mizigo yao uwanja mdogo wa ndege wa Fort Ikoma, ndege nayo ina "take off". Koti linabanduka mwilini, ndege inabanduka ardhini. Nilipoliona hilo niliacha kuikariri "off", nikaanza kuitazama.

Si kila mara inakubali. "The milk has gone off", maziwa yameharibika. "The alarm went off", kengele ililia. Hapo sijapata kanuni. Maziwa uyanuse mwenyewe.

Vijana wanaokuja kwangu jioni kujiandaa kwa kazi siwapi orodha. Nawaambia waandike sentensi nzima: nani kaisema, yuko wapi, ana nini mkononi. Juzi binti mmoja aliyeko kwenye majaribio ya kazi aliandika: nyumbu wanakatiza mbele, dereva anataka kuwasha gari aondoke, mgeni kanong'ona "hold on". Chini yake akaongeza: mkononi hana kitu.