Pima Tumbo kwa Kamba



Hapa Taru ukame umetuzoesha kuuliza, "Leo tutakula nini?" Kwa hiyo ukitaja kupunguza uzito, watu hucheka. Eti hayo ni mambo ya matajiri wa mjini! Lakini hebu tazama kando ya barabara ya Mombasa: kuna mama anayekaa dukani tangu asubuhi, kuna dereva, kuna kijana wa bodaboda. Miguu haina kazi, chai ina sukari tele, mahamri yako karibu. Tumbo likitokeza, majirani husema mambo yamemnyookea. Kumbe tumbo hilo laweza kuleta kisukari na shinikizo la damu, na dawa zake mara nyingi hutumiwa maisha yote.

Utajuaje? Tafuta kamba. Mwenzako akupime urefu, kisiginoni hadi utosini, aikate. Ikunje katikati, kisha izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu, bila kubana pumzi. Isipofika, tumbo limezidi. Kipimo hiki si cha watoto wadogo wala mama mjamzito.

La kufanya halina gharama:

1. Sukari. Kama umezoea vijiko 4 kwa kikombe, asubuhi na jioni, shuka polepole hadi kimoja. Utaokoa karibu robo tatu ya kilo kwa mwezi.

2. Sahani. Nusu iwe mboga: mchicha, kunde, mtsunga. Ugali upungue, mafuta yapimwe kwa kijiko. Usishinde njaa.

3. Miguu. Shirika la Afya Duniani lashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Tembea haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba.

Mama anayetoka lamboni na mtungi wa lita 20 amebeba kilo 20. Huyo haambiwi aongeze mazoezi. Baba mwenye tumbo na ampokee: kazi moja, faida mbili.

Wengi huogopa kukonda, wasije wakaambiwa ni wagonjwa. Kikundi kikianza pamoja, maneno hayo hupungua. Ila anayekonda bila kukusudia aende zahanati. Huenda ni kifua kikuu au kisukari. Na mwenye dawa asiziache.

Mkutano ujao, njooni na kamba. Mjadiliane: ni safari gani tunazolipia bodaboda ilhali miguu ingetufikisha?