Saini ya kobalti na hesabu za Go

Januari 2019, kampuni za Ford, IBM, LG Chem, Huayou Cobalt na RCS Global zilitangaza jaribio la kufuatilia kobalti ya Kongo hadi viwanda vya betri vya Korea Kusini na kiwanda cha magari Marekani. Leja ya blokicheni iliyotumika, Hyperledger Fabric, imeandikwa kwa lugha ya programu ya Go. Ndiyo maana maktaba za usimbaji fiche za Go zinapobadilika, habari hiyo inafika hata Mutshatsha, mji wa Kongo kwenye reli inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo.

Usimbaji fiche una kazi mbili: kuficha siri na kuthibitisha aliyeandika. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingezivunja njia tunazozitegemea kwa kazi zote mbili. Kompyuta hiyo bado haijapatikana, lakini anayenasa mawasiliano leo anaweza kuyahifadhi na kuyafungua siku itakapopatikana. Kwa hofu hiyo, tarehe 13 Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vipya, kimojawapo kikiwa ML-KEM, cha kazi ya kuficha siri. Februari 2025, Go 1.24 ilikiingiza kwenye maktaba yake ya msingi na kukiunganisha na njia ya zamani, X25519. Mvamizi sasa atalazimika kuzivunja zote mbili. Kwa kawaida mwandishi wa programu haongezi hata mstari mmoja. Anahamia toleo jipya tu.

Gharama iko kwenye ukubwa. Ufunguo wa zamani ulikuwa baiti 32. Wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184. Ujumbe wa kwanza wa kuunganisha simu na seva mara nyingi hauingii tena kwenye pakiti moja. Mjini haidhuru, lakini mtandao ukiwa dhaifu, kila pakiti inayopotea ni kusubiri tena, na vifaa vingine vya zamani hushindwa kabisa kuupokea. Kwa mikataba na takwimu za miamba, naona bei hiyo ni halali.

Saini ni habari nyingine. Go 1.24 haikuwapa watumiaji ML-DSA, kiwango kipya cha saini, na saini ya kawaida ya Fabric ni ECDSA ile ile. Kuna mantiki: saini ikivunjwa kesho, haifichui siri ya leo. Ila kumbukumbu za madini hukaa miaka mingi, na mghushi wa baadaye angeweza kutunga hati yenye tarehe ya zamani. Kinachomzuia ni mnyororo: kila fungu la leja hubeba chapa ya SHA-256 ya fungu lililotangulia, na hesabu ya Shor haiigusi chapa hiyo. Lakini nakala zote zikishikwa na kampuni moja, kampuni hiyo inaweza kuuandika mnyororo upya kimya kimya.

Mwaka 2025 wakaguzi wa Trail of Bits walichapisha uchunguzi wao wa maktaba za usimbaji fiche za Go: tatizo moja dogo, tena kwenye sehemu isiyowashwa kwa kawaida. Hisabati ni imara. Lakini gunia la shimo jingine likifungwa lebo isiyo yake, saini itauthibitisha uongo huo bila kosa hata moja.

Ushirika wa wachimbaji ukiletewa mfumo wa namna hii, uulize kwanza nani anafunga lebo na nani anashika nakala za leja. Toleo la Go liulizwe baadaye, lakini liulizwe.